Mwaka wa Lango

Jioni moja ya mwisho wa Septemba, manyunyu yakidondoka juu ya mapaa ya Peckham, kusini ya mto Thames katika jiji la London, niliketi jikoni kwa rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye tulisoma naye chuoni katika Mji wa Kale wa Mombasa tukiinamia juzuu zetu, na ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiendesha basi katika jiji hili. Na juu ya meza ambayo kwa desturi huandaliwa chakula cha usiku palikuwa pametandazwa karatasi za kila namna: hati za mshahara, mkataba wa nyumba, cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa Kenya, vibali vya ukaazi, na barua fupi ya skuli ikishuhudia kuwa binti wa nyumba ile hupewa chakula cha mchana bila ya malipo. Binti mwenyewe, mwenye umri wa miaka 17, aliyeletwa hapa akiwa na miaka 6, aliniamkia kwa staha, "Shikamoo, ami," nami nikamwitikia marahaba. Kisha akarejea kitini pake na kulisoma kwa sauti swali lililokuwa limewakwamisha kabla sijabisha hodi. Chuo kikuu kimojawapo alichokikusudia kilitaka kujua iwapo baba yake au mama yake waliwahi kusoma chuo kikuu.

Rafiki yangu alinyamaza. Ni mtu aliyeacha masomo kidato cha pili ili asaidie duka la marehemu baba yake, na kwa miaka yote niliyomjua hakupenda kadhia hiyo itajwe mbele ya wageni, sembuse kuandikwa katika waraka utakaosomwa na maprofesa. "Andika hapana," nikamwambia binti, "wala usisitesite, maana hilo ndilo wanalolitafuta." Baba alininyanyulia uso kama mtu asiyeamini alichokisikia, nami nikaona kuwa itanipasa kueleza kwa urefu, na kwa kuwa nimekwisha kuyaeleza hayo jikoni mwake, naona ni wajibu kuyaeleza hapa pia, kwa sababu nimekutana na Waswahili wengi wa Uingereza wenye watoto wa akili na ghera ambao hawajapata kusikia kuwa liko lango la namna hii.

Katika Uingereza mtoto huingia skuli ya udaktari aghalabu mara tu atokapo kidato cha sita, na shahada yenyewe huchukua miaka 5, au 6 katika vyuo vinavyoongeza mwaka wa utafiti. Maombi hupitia ofisi moja ya taifa zima, UCAS, ambayo humruhusu mwombaji kuchagua kozi 5, na katika hizo zisizidi 4 za udaktari. Na ilhali wenzake wa masomo mengine hupewa muda hadi Januari, mwombaji wa udaktari hufungiwa mlango tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo lazima awe amekwisha kuufanya mtihani wa uwezo wa kufikiri uitwao UCAT, ambao hufanywa mbele ya kompyuta kati ya Julai na Septemba, na ambao humpima kwa haraka inayotisha: kusoma, kukokotoa, kuamua, na kupambanua lililo jema la kutenda mbele ya mgonjwa au mwenzi wa kazi. Juu ya yote hayo hutakiwa alama za juu kabisa katika kidato cha sita, A tatu na pengine moja yenye nyota, Kemia na Biolojia zikiwa mbele. Mzazi aliyepita njia hiyo huanza kumwandaa mwanawe tangu ana miaka 14. Mzazi anayetoka kazini alfajiri huisikia tarehe ya Oktoba ikiwa imekwisha kupita.

Mwaka 2014 Baraza la Skuli za Udaktari la nchi hii lilitoa ripoti iliyoweka wazi jambo ambalo watu wa Peckham walikuwa wakiliona kwa macho tu: takriban asilimia 80 ya waombaji wa udaktari walitoka katika asilimia 20 ya skuli, na kama nusu ya skuli zote za sekondari hazikuwa zimetoa hata mwombaji mmoja katika miaka ya karibuni. Msomaji naomba aitafakari hiyo nusu. Ni skuli zenye maelfu kwa maelfu ya watoto, na haiwezi kuingia akilini kuwa Mwenyezi Mungu aliwanyima wote hao fahamu ya kutambua ugonjwa na huruma ya kumshika mgonjwa mkono. Walichonyimwa ni mwalimu wa Kemia anayedumu mwaka mzima, na mtu wa kuwaambia kuwa jambo lile linawezekana.

Hapo ndipo linapoingia lango nilisemalo. Mwaka 2001, King's College London, ambayo wanafunzi wake wa udaktari husoma katika hospitali ya Guy's, iliyoasisiwa na muuza vitabu Thomas Guy mwaka 1721, ilianzisha shahada ya udaktari iliyorefushwa, ikipokea kwa mara ya kwanza wanafunzi 10 kutoka skuli za serikali za mitaa ya ndani ya London, na baada ya miaka michache ikawa inapokea 50 kila mwaka. Masomo ambayo wengine huyamaliza katika hatua ya kwanza kwa mwaka mmoja, hawa huyatandaza kwa miaka miwili, wakipewa walimu wa kuwasaidia na nafasi ya kujifunza namna ya kujifunza, kisha huungana na wenzao wote na kuendelea sawasawa hadi mwisho. Mwaka mmoja baada ya King's kuanza, Southampton nayo ikafungua mlango wake kwa utaratibu mwingine: mwaka mzima wa matayarisho unaotangulia ile miaka mitano, ambamo mwanafunzi husoma maumbile ya mwili na kazi zake na kuonyeshwa kwa karibu kazi za watu wa afya. Leo vyuo kama Leicester, Norwich, Aberdeen, na ile skuli wanayoshirikiana Hull na York, vyote vina mwaka wa namna hiyo, na jina lake la Kiingereza ndilo hilo lenye maana ya lango. Mwombaji hukubaliwa kwa alama zilizopungua daraja mbili au tatu chini ya zile za kawaida, ilimradi athibitishe kuwa hali ya nyumbani na skulini ilimlemea: kwamba pato la nyumba ni dogo, kwamba hula chakula cha bure skulini, kwamba anaishi mtaa uliohesabiwa kuwa wa kimaskini, kwamba alilelewa chini ya uangalizi wa serikali, au kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kuelekea chuo kikuu. Southampton hutaka sifa zisizopungua tatu katika orodha yake. Rafiki yangu alipozihesabu kwa vidole akakuta binti yake anazo nne, alizirudia tena kutoka mwanzo.

Wapo wasemao kuwa huku ni kuishusha hadhi ya udaktari, na nimelisikia neno hilo hata kutoka katika vinywa vya watu wa kwetu ambao watoto wao ndio wangefaidi. Nalikataa kwa moyo wote. Wanaoingia kwa lango hili hufanya mitihani ileile ya anatomia, hupita wodi zilezile, na hutoka na shahada ileile, na tangu mwaka wa masomo wa 2024 kuingia 2025 kila anayehitimu udaktari Uingereza hana budi kushinda mtihani wa leseni chini ya Baraza Kuu la Udaktari, mtihani usiouliza mtu aliingilia mlango gani. Ni kweli, wala sitaki kulificha, kwamba katika hao wa lango wanaoachia njiani huzidi kidogo wale wa njia ya kawaida. Lakini walio wengi humaliza na kuwa madaktari, na hao ni watu ambao bila ya mwaka ule wasingalikuwapo wodini kabisa. Alama B aliyoipata binti anayewalea wadogo zake wawili hadi saa nne za usiku, mama yao akiwa kazini, na alama A ya mtoto mwenye mwalimu wa faragha, kwa insafu haziwezi kusomwa kama tarakimu tupu.

Naandika haya nikiwa Peckham, na haiwezekani kuwa Peckham ukizungumzia milango ya udaktari bila ya kumkumbuka Harold Moody, Mjamaika aliyezaliwa Kingston mwaka 1882, akaja London mwaka 1904 kusomea udaktari katika King's hiyohiyo, akafaulu kwa tuzo, kisha akanyimwa kazi hospitalini kwa ajili ya rangi ya ngozi yake; ndipo mwaka 1913 akafungua zahanati yake mwenyewe katika mtaa huu, akawatibu maskini wake, na mwaka 1931 akaasisi jumuiya ya kutetea haki za watu weusi wa Uingereza. Nilipomsimulia binti habari hiyo aliniuliza nyumba ile iko barabara gani. Amekua mwendo mfupi kutoka hapo, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa kuwa mwaka huu wa lango huitwa pia mwaka wa msingi au wa matayarisho, na jina hilo limebeba vitu visivyofanana, na aghalabu mtu hupotezwa na jina. Upo mwaka wa lango niliokwisha kuueleza. Upo mwaka mwingine wa vyuo vikuu unaowapokea waliofaulu vizuri sana lakini katika masomo yasiyo ya sayansi, mwenye A tatu za Historia na lugha, kwa mfano, aliyebadili azma baadaye. Ipo ile miaka miwili ya mafunzo ya kazi ambayo kila daktari mpya huifanya hospitalini baada ya kuhitimu, tangu mwaka 2005, nayo pia huitwa kwa jina hilohilo la msingi. Na zipo kozi za msingi zinazouzwa na vyuo vya binafsi, ambazo baadhi yake ni njema na zina mapatano yaliyoandikwa na skuli fulani za udaktari, na baadhi yake mwisho wake ni majuto.

Jamaa yangu mmoja wa Mombasa aliuza kiwanja alichoachiwa urithi ili kijana wake aje kusoma kozi ya namna hiyo ya mwisho katika chuo kimoja, baada ya wakala kumhakikishia kuwa akishamaliza mwaka huo ataingia udaktari. Kijana alisoma kwa bidii, akafaulu, akaomba skuli nne, na zote nne zikamjibu kuwa cheti kile hazikitambui. Nilimwomba baba yake aniletee karatasi ya mwanzo aliyopewa, nikaisoma mstari kwa mstari: haikuwa imeandika popote kuwa kijana atapata nafasi, iliandika kuwa atakuwa na uwezo wa kuiomba nafasi, na wakala alipokuwa akiifasiri kwa Kiswahili sebuleni alilipita neno lile la kuomba kama asiyeliona. Kwa ajili ya neno moja kiwanja kimekwenda. Kijana hivi sasa ni fundi wa maabara, kazi ya heshima na anayoifanya vizuri, lakini baba yake hajapata kuyasahau maneno ya siku ile. Kwa hiyo mzazi yeyote atakayesoma makala haya, kabla hajatoa hata shilingi moja, na aiandikie moja kwa moja skuli ya udaktari anayoitaka, aulize kwa jina la kozi na jina la chuo kama cheti hicho hukubaliwa, na jibu alihifadhi kwa maandishi.

Kwa walioko nyumbani, Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, inanipasa kusema wazi kwamba nafasi za lango karibu zote ni za wakaazi wa Uingereza tu, na kwamba katika Uingereza penyewe wageni wamewekewa kikomo cha kama asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari, kwa ada ambayo katika vyuo vingi huzidi pauni 40,000 kwa mwaka. Aliyemaliza kidato cha nne Kenya kwa mtaala wa 8-4-4 huhesabiwa na vyuo vingi vya Uingereza kuwa bado hajafikia kiwango cha kuingia, ndiyo maana huambiwa asome kwanza mwaka wa msingi. Na mwenye Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita Tanzania afikiri mara mbili kabla ya kuiacha njia ya moja kwa moja iliyoko nchini mwake. Kwetu pia ile fikra ya kufika kwa hatua si ngeni: nani asiyemjua tabibu wa zahanati aliyehudumu miaka kadhaa kijijini kwa stashahada, kisha akarudi darasani na watu wa umri wa wanawe hata akatoka daktari kamili?

Turudi mezani. Swali la pili lililomsumbua rafiki yangu lilikuwa la ada na kibali, kwani ukaazi wao si wa kudumu bado. Hapa binti ana deni la shukrani kwa msichana mwingine, Beaurish Tigere, aliyeletwa Uingereza kutoka Zambia akiwa na miaka 6 kama yeye, akasoma hata akawa kiongozi wa wanafunzi skulini kwake, kisha akanyimwa mkopo wa chuo kikuu kwa sababu ya aina ya kibali chake. Akalifikisha shauri hadi Mahakama ya Juu, na Julai 2015 akashinda. Kwa hukumu hiyo kanuni zikabadilishwa, na leo kijana aliyeishi hapa nusu ya umri wake, na miaka mitatu ya mwisho kwa kibali halali, huhesabiwa kuwa mwenyeji kwa ada na kwa mkopo. Ada ya mwenyeji katika Uingereza ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka tangu 2017, nayo ikapanda kuwa 9,535 mwaka 2025. Na kuanzia mwaka wa tano wa masomo ya udaktari, huduma ya afya ya taifa huichukua ada hiyo juu yake.

"Na riba?" akauliza rafiki yangu, na hapo sauti yake ilibadilika. Mkopo wa wanafunzi una riba, na kwake yeye hilo haliwezi kuwekwa kando kwa hesabu nzuri. Serikali ilikusanya maoni ya watu mwaka 2014 juu ya mkopo wa namna nyingine usiopingana na sharia ya Kiislamu, na sheria iliyoruhusu kuuanzisha ikapitishwa mwaka 2017, lakini miaka ikapita na vijana wa Kiislamu wakaendelea kuchagua kati ya chuo na dhamiri. Wapo masheikh waliotoa rukhusa kwa dharura, na wapo waliokataa, nami si mwanachuoni wa kumfutia mtu tashwishi ya namna hiyo. Nilimwambia tu kuwa vyuo vingi vina misaada isiyorudishwa kwa wenye pato dogo, kwamba waendeshao UCAT nao humwondolea mwenye shida gharama ya mtihani, na kwamba aende kwa sheikh wake akiwa na hesabu kamili mkononi. Serikali inayojua kuwa inawahitaji watoto hawa wodini haikupaswa kuliacha jambo hili lilale miaka yote hiyo.

Lililobaki ni usaili, ambao aghalabu huwa kati ya Desemba na Machi kwa namna iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada: mwombaji hupita vituo vifupi vifupi, dakika chache kila kimoja, huku akiulizwa juu ya maadili, hapa akipewa hesabu ya dawa, pale akikabiliwa na mwigizaji anayejifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Binti aliniambia kuwa hana tajiriba ya hospitali ya kuitaja, kwani rafiki zake wenye jamaa madaktari wamekaa wodini wiki mbili mbili, naye hana mtu wa kumpeleka. Nikamuuliza ni nani anayekwenda na mama yake kliniki. Akacheka. Tangu ana miaka 9 ndiye mkalimani wa nyumba. Ndiye aliyemweleza daktari mama yake anaposema kiungulia na anaposema tumbo la kuendesha, na siku moja, akiwa na miaka 12, alikwama kwenye neno kichomi, asijue kama ni maumivu ya ubavu, au ya pafu, au ya moyo, hata daktari akaweka kalamu chini na kumwomba mama aonyeshe kwa mkono. "Hayo," nikamwambia, "ndiyo utakayoyasema usailini."

Mama mtu, ambaye kutwa huwahudumia wazee majumbani mwao na usiku ule alikuwa ameingia muda si mrefu, akavuta kiti akakubali kuwa mgonjwa wa mazoezi. Binti akakaa wima, akajitambulisha kwa Kiingereza, akauliza kilichomleta. Mama akamjibu kwa Kiswahili.

"Nina kichomi, daktari. Hapa, ubavu wa kushoto. Nikipanda ngazi pumzi zanikatika."

"Tangu lini?"

"Tangu Mfunguo Mosi."

Binti alimtazama. Baba aliacha kupanga karatasi. "Mama, ni kweli?"

"Wewe uliza, mwanangu, si wafanya mazoezi?"

Akauliza, lakini sasa kwa Kiswahili, taratibu, swali baada ya swali: maumivu huja na kuondoka au hukaa, huuma akivuta pumzi au hata akitulia, miguu huvimba jioni, usiku hulala kwa mito mingapi. Majibu aliyaandika nyuma ya ile barua ya skuli, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu na mkono wake. Alipomaliza akachukua simu yake na kuitega iamshe saa mbili kasorobo asubuhi, maana kliniki yao hufungua simu saa mbili kamili, na anayechelewa dakika tano hukuta nafasi za siku hiyo zimekwisha.